Marudio Mangapi Hujenga Misuli?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nina umri wa miaka 24 na hunyanyua vyuma uani kwa jirani yetu, Tandika, Dar es Salaam. Chuma tulichonacho ni bomba lililogandishwa zege katika makopo mawili ya rangi, uzito wake kama kilo 40, na hatuna kingine. Nikilala kwenye benchi hukisukuma mara 22 kabla ya kushindwa. Kaka yangu anasema kuzidisha mara 12 ni kujenga pumzi tu, misuli haikui. Je, napoteza muda?

JIBU: Marahaba. Hupotezi muda hata kidogo, ingawa kaka yako anarudia jambo ambalo sisi wakufunzi tumelifundisha kwa miaka mingi. Desturi ya seti tatu (yaani mikupuo mitatu yenye mapumziko kati yake) za marudio kumi ilienezwa na Thomas DeLorme, daktari wa jeshi la Marekani aliyewatibu askari majeruhi, na mwenzake Arthur Watkins, walipoipendekeza mwaka 1948. Ni desturi nzuri, lakini si mpaka ambao misuli ikiuvuka huacha kukua.

Kinachoamua ni jinsi unavyokaribia kushindwa. Mwili huanza kutumia nyuzi ndogo za misuli zisizochoka upesi, na zile kubwa, zenye nafasi zaidi ya kunenepa, huitwa kazini mzigo unapokuwa mzito au zile za mwanzo zinapochoka. Kwako wewe zinaitwa karibu na rudio la 18, pale bomba linapopanda polepole ingawa unasukuma kwa nguvu zote. Ukiishia la 15 kwa sababu kifua kimeanza kuwaka, umeiacha kazi yenyewe.

Mwaka 2015 mtafiti wa mazoezi Brad Schoenfeld na wenzake walichapisha utafiti wa wiki 8 kwa wanaume waliozoea vyuma, ambapo kundi moja lilifanya marudio 8 hadi 12 na jingine 25 hadi 35, yote hadi kushindwa. Misuli yao ilinenepa kwa kiasi kinachokaribiana, ila waliobeba vizito walipata nguvu zaidi. Kwa hiyo kaka yako ana haki kama shabaha yake ni nguvu. Mzigo ukiwa mwepesi mno, kama sehemu moja ya tano ya uwezo wako wa juu, ukuaji hupungua. Kilo 40 zako ziko juu sana ya hapo.

Mwenye vyuma vya kuchagua ningemshauri marudio 6 hadi 15, kwa kuwa seti ndefu huchosha na huchukua muda. Katika kuchuchumaa na chuma mabegani, hasa kwenye joto la Februari, pumzi huweza kukata kabla ya miguu kuchoka, na hapo seti ndefu haina faida kubwa. Kwa kifua, fanya seti kama 10 kwa wiki, uzigawe siku mbili au tatu, na ukifika marudio 30 mgandishe makopo makubwa zaidi.

Jambo moja linanitia wasiwasi. Chuma chenye sahani za uzito za kuchomeka kikikulemea unaweza kukiinamisha upande sahani zikateleza, lakini makopo ya zege hayatoki. Usisukume hadi kushindwa ukiwa peke yako. Mwombe kaka yako asimame kichwani pako, mikono ikiwa tayari chini ya bomba, na asipokuwepo acha marudio mawili yakiwa bado mwilini.