Gogo la Krismasi hupasukia tanurini

Swali lenu la wiki lilikuwa hili: "Keki ya gogo ya chokoleti hunipasukia kila ninapoiviringisha. Nifanyeje ili Krismasi hii itoke nzima?" Ushauri unaosikika sana ni wa mikono: viringisha polepole, usiibane, usiogope. Hayo ni madogo. Keki ikishafika kwenye kitambaa, yake yamekwisha: unyevu uliobaki ndani, aina ya mafuta na dakika ilizokaa motoni ndivyo vilivyoamua. Ufa unaouona mezani umeletwa kutoka tanurini.

Kwa asiyeijua, hii ni keki nyembamba inayookwa kwenye trei bapa, ikapakwa krimu, ikaviringishwa kama mkeka, halafu ikasilibwa kwa chokoleti na kuchorwa magome ya mti. Kwao ni Ufaransa, ambako familia zilikuwa zikichoma gogo kubwa mekoni mkesha wa Krismasi, hadi karne ya 19 wapishi wa keki walipoligeuza gogo hilo kuwa la kuliwa. Wasomaji wa Bukavu na Bujumbura wataijua kwa jina lake la Kifaransa, bûche.

Vipimo vinavyotosha trei ya sentimita 25 kwa 35 ni mayai 4, sukari gramu 100, unga wa ngano gramu 60, unga wa kakao gramu 25, mafuta ya kupikia mililita 30, maji ya moto mililita 45 na chumvi kidogo. Asiye na mizani achukue nusu kikombe cha sukari, nusu kikombe cha unga usioshindiliwa na vijiko vinne vya chakula vya kakao. Mafuta vijiko viwili, maji vitatu. Hamira ya unga haihitajiki. Kinachoinua keki hii ni hewa ya mayai tu.

Kakao ndiyo mtego wa kwanza. Hakikisha ni kakao tupu, si chokoleti ya kunywa. Makopo yao hukaa rafu moja dukani na hufanana, ila chokoleti ya kunywa sehemu kubwa yake ni sukari, kwa hiyo keki hutoka tamu, imepauka, na hunata kwenye karatasi. Kakao iwe ya rangi hafifu au ile nyeusi iliyopunguzwa uchachu, zote zinafaa, kwa kuwa hapa hakuna magadi yanayotegemea uchachu huo. (Kyela, Tanzania, na Bundibugyo, Uganda, wanalima kakao miaka yote, lakini kopo la kakao madukani mwetu aghalabu limevuka bahari. Hilo ni swali la wiki nyingine.)

Unga wa kakao hunyonya maji kuliko unga wa ngano. Ukiuchanganya mkavu, utaendelea kufyonza unyevu wa keki ikiwa inaokwa, na mafuta yake yatavunja povu la mayai. Dawa yake ni kuukoroga kwanza na yale maji ya moto pamoja na mafuta hadi uwe uji mzito unaong'aa, kisha uuache upoe. Kakao iliyoshiba maji haidai tena, na harufu yake hufunguka. Na mafuta yawe ya maji, ya alizeti au mengine yasiyo na harufu. Siagi ni tamu zaidi, sikatai, lakini ikiingia kwenye friji huganda, na keki iliyoganda haipindiki.

Sasa mayai. Yatenganishe yakiwa baridi, maana kiini baridi hakipasuki ovyo, kisha yaache yapoteze ubaridi kwa nusu saa. Piga viini na gramu 40 za sukari hadi vipauke na kuwa vizito, ndipo umimine ule uji wa kakao na kuchekechea unga na chumvi juu yake. Koroga mpaka mabuje yaishe, basi.

Ute upigwe kwenye bakuli safi lisilo na tone la mafuta wala kiini. Ukianza kutoa povu, ongeza gramu 60 za sukari zilizobaki, kidogo kidogo. Sukari yetu nyingi ina chembe kubwa zisizoyeyuka upesi kwenye ute. Zikibaki nzima huacha vitone vya shira vinavyonata juu ya keki. Isage kwanza kwenye blenda kwa sekunde chache.

Hapa ndipo wengi wenye mashine nzuri wanapoharibu. Wanapiga ute hadi usimame kama sindano, bakuli likigeuzwa haudondoki, wakafurahi. Kwa keki ya kuviringisha huo umepita. Povu gumu halichanganyiki, linakatikakatika vipande vyeupe, na unapolazimika kukoroga zaidi ili vipotee, hewa inatoka. Hata likichanganyika, keki hufura sana motoni, hukauka juu, kisha hunywea. Unachotafuta ni hiki: inua chombo unachopigia, povu lisimame halafu ncha yake iiname kama mdomo wa kasuku. Acha hapo.

Chukua theluthi ya povu ukoroge na mchanganyiko wa kakao bila woga, ili uwe mwepesi. Lililobaki litie mara mbili, kwa mwiko bapa, ukikata katikati na kupindua kutoka chini. Mimina kwenye trei iliyotandikwa karatasi ya kuokea, usawazishe hadi pembeni. Pembe zikiwa nyembamba kuliko katikati zitakauka mapema, na ufa utaanzia huko.

Tanuri liwe limeshapata moto wa nyuzi 180. Keki inahitaji kama dakika 12, lakini anza kuitazama dakika ya 10. Usiipime kwa kijiti. Kwenye keki nene kijiti kikavu ni habari njema. Kwenye keki ya unene wa sentimita moja na nusu, kijiti kinaweza kutoka kikavu ilhali umeshachelewa dakika mbili. Gusa katikati kwa kidole: ikibonyea na kurudi, na ukingo ukianza kuachana na karatasi, itoe. Ukisikia povu likipasukapasuka chini ya kidole, irudishe dakika moja.

Kwa walio nyanda za juu, Nairobi au Mbeya, hali ni tofauti kidogo. Kwenye mita 1,700 hivi mgandamizo wa hewa ni mdogo, kwa hiyo mapovu hutanuka zaidi na maji huondoka haraka. Ongeza kijiko kimoja cha maji, punguza kijiko kimoja cha sukari, na uanze kutazama dakika ya 9.

Asiye na tanuri asikate tamaa. Jiko la mkaa linaweza, ila moto wa juu uwe mwingi kuliko wa chini, kwa sababu keki nyembamba huungua kitako kabla uso haujaiva. Tumia sufuria pana yenye kitako bapa, ya sentimita 28 hadi 30, na mayai 3 badala ya 4, na vingine vyote robo tatu. Iweke ndani ya sufuria kubwa zaidi iliyotandazwa mchanga mkavu sentimita mbili na kupashwa moto kwanza, funika kwa mfuniko bapa, panga makaa juu. Keki itatoka duara. Kata kingo upate mraba wa kama sentimita 20. Vipande vya pembeni usivile vyote, vitakuwa matawi.

Kuviringisha ni kazi ya dakika tatu za mwanzo. Nyunyizia uso wa keki kakao kidogo (sukari ya unga huyeyuka na kunata kwenye hewa ya Pwani), ifunike kwa kitambaa safi kisichoacha manyoya, ipindue, bandua karatasi. Kwa kisu cha mkate chenye meno ondoa kingo zote nne, upana wa nusu sentimita. Sehemu hiyo ni kavu, na ukiiacha kwa huruma ndiyo itakayokutolea ufa. Sentimita mbili kutoka upande mfupi unaoanzia, chora kwa kisu mstari usiozidi nusu ya unene. Hapo ndipo mkunjo wa kwanza, ambao ndio mkali kuliko yote, utakapokaa. Viringisha pamoja na kitambaa chake, mshono uwe chini, uache ipoe kama dakika 40. Usiilaze humo hadi asubuhi, kitambaa kitang'oa ngozi ya keki.

Ikiwa umechelewa na keki imekauka kidogo, bado kuna pa kupitia. Chemsha sukari gramu 50 kwa maji mililita 50, ipoe, upake vijiko vitatu au vinne kwa brashi kabla ya kuijaza. Kahawa nyeusi badala ya maji inaipandisha chokoleti vizuri, na punje mbili za iliki zilizopondwa zinafaa kuliko vanila ya chupa, kwa maoni yangu.

Kujaza: krimu ya kupiga mililita 200, yenye mafuta asilimia 35, baridi kabisa, pamoja na bakuli lake, ipigwe hadi iwe nzito. Ikunjue keki kiasi inachokubali, na ile sehemu ya ndani iliyojipinda usiilazimishe kunyooka. Paka unene wa nusu sentimita, uache sentimita mbili tupu mwishoni, maana krimu husukumwa mbele unapoviringisha. Tamaa ya krimu nyingi hupasua magogo mengi ambayo tanuri lilikuwa limeyaacha salama.

Sasa chokoleti ya kusiliba nje, na hapa joto la Desemba ndilo bwana. Mafuta ya kakao huyeyuka karibu nyuzi 34, siagi hulegea kabla ya hapo, na mchana wa Dar es Salaam au Mombasa hauko mbali. Kwa hiyo mapishi ya Ulaya yanayosema chokoleti na krimu sawa kwa sawa yatateleza mpaka kwenye sinia. Nyanda za baridi, gramu 200 za chokoleti nyeusi kwa mililita 200 za krimu ni sawa. Pwani, punguza krimu iwe 120. Soma pakiti: iliyo na mafuta ya mimea badala ya siagi ya kakao hustahimili joto zaidi, lakini ulimini huacha utando kama nta. Chaguo ni lako.

Katakata chokoleti ndogondogo. Pasha krimu hadi ianze kutoa mvuke na mapovu pembeni, isichemke, imimine juu, subiri dakika mbili, koroga kuanzia katikati kwenda nje. Ikijitenga na mafuta kuelea, ilipata moto mno au maji ni machache. Tia kijiko cha maziwa vuguvugu, ukoroge kwa subira, itaungana. Anayeyeyusha chokoleti peke yake juu ya maji yanayochemka alinde mvuke: matone machache huigeuza kuwa bonge la mchanga. Usiitupe, ongeza krimu ya moto ukoroge, itafaa kwa kusiliba.

Tui zito la nazi nalo linaweza kuchukua nafasi ya krimu, na ladha yake na chokoleti nyeusi haina mfano. Lipashe kwa moto mdogo ukikoroga lisikatike. Jua tu kwamba mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi 24, hivyo gogo la tui likae kwenye friji hadi wageni waketi.

Chokoleti ikipoa hadi iwe nzito kama siagi ya karanga, ndio wakati wake. Kata kwanza kipande cha sentimita sita kwa mshazari upande mmoja wa gogo, ukigandishe ubavuni kwa chokoleti: hilo ni tawi. Siliba kote isipokuwa kwenye vikato, pale mduara uonekane. Subiri dakika kumi, uburute uma kwa urefu wa gogo, mistari isinyooke sana. Gome halisi lina vifundo, basi zungusha uma mahali pawili patatu. Ukichora mapema mno mistari hujifunga, ukichelewa chokoleti humeguka.

Uyoga wa povu la mayai na sukari, ambao Wafaransa hupenda kuupanga juu yake, una shida kwetu. Huokwa kwa nyuzi 100 kwa saa moja na nusu hadi ukauke kabisa, lakini ukikaa kwenye unyevu wa Pwani hulowana na kunata kabla ya misa kwisha. Uweke mwishoni kabisa au uuache, uweke korosho za kukaanga. Theluji ya sukari ya unga vilevile huyeyuka. Nazi kavu iliyokunwa hudumu, na anayetaka theluji ana Kilimanjaro ya kutazama.

Keki iliyoviringishwa bila krimu, ikifungwa vizuri, hukaa kwenye friza mwezi mzima. Iliyokwisha kujazwa ni siku mbili kwenye friji, na umeme ukikatika usiku wa tarehe 24, usifungue mlango wa friji kuichungulia. Itoe dakika 20 kabla ya kula, Pwani dakika 10. Kisu kichovye kwenye maji ya moto na kukifuta kila baada ya kipande, usikandamize, kata kwa kuburuta mbele na nyuma.