Mtuhumiwa, mshtakiwa na "bodaboda" wa Oakland

Msomaji wetu wa Morogoro anatafsiri makala kuhusu Sonny Barger, aliyekuwa kigogo wa Hells Angels, genge la waendesha pikipiki la huko California. Ameandika: "Mwendesha bodaboda huyo mtuhumiwa alipandishwa kizimbani Louisville kwa kula njama za mauaji." Anauliza, ni mtuhumiwa au mshtakiwa?

Mshtakiwa. Anayesakwa na polisi ni mtuhumiwa, kutokana na tuhuma, neno la Kiarabu lenye shaka ndani yake (Wakenya husema mshukiwa, nao hawajakosea). Akishasomewa mashtaka ni mshtakiwa. Barger alitiwa hatiani mwaka 1988, kwa hiyo toka hapo hadi alipoachiwa mwaka 1992 mwite mfungwa. "Kula njama" ni sawasawa, usiiguse.

Sasa tuje kwenye bodaboda. Ndugu yangu, bodaboda wa nini? Neno hili lilizaliwa mpakani mwa Kenya na Uganda, kwa waendesha baiskeli waliokuwa wakivusha watu kutoka boda hadi boda kwa malipo. Roho yake ni nauli. Hebu niambie, Barger alikuwa na kijiwe gani pale Oakland? Nani alimpungia mkono akamuuliza, "Boda, mpaka Altamont shilingi ngapi?" Alipiga mishikaki, mama na mtoto nyuma, gunia la mkaa mbele? Desemba 1969 Hells Angels walikwenda kweli Altamont, kwenye tamasha la muziki, wakakaa jukwaani kama walinzi, na kijana mmoja akachomwa kisu akafa. Hao si watu wa kumwambia "nishushe hapo kwenye mwembe".

Najua mtaani kila chenye magurudumu mawili na injini siku hizi ni bodaboda, hata pikipiki ya daktari anayekwenda nayo kazini. Wapo pia wanaoita kila pikipiki toyo, iwe Honda au Yamaha. Barazani sitagombana na mtu, nimeshachoka. Lakini wewe unaandika makala, na vijana wetu wanaohangaika juani kutafuta hesabu ya tajiri wanatukanwa vya kutosha bila kuongezewa Hells Angels.

Andika hivi: "Mshtakiwa huyo, kiongozi wa genge la waendesha pikipiki la Hells Angels, alipandishwa kizimbani Louisville kwa kula njama za mauaji." Na ukitaka kufupisha, toa pikipiki. Yenyewe haikushtakiwa.