Mshipa wa shingo ukiziba kabisa, baipasi inasaidia?

Pole kwa kuuguliwa. Umeuliza kama baba, ambaye ateri ya karotidi (mshipa wa shingo unaopeleka damu kwenye ubongo) imeziba kabisa, afanyiwe baipasi, yaani upasuaji wa kuipa damu njia mpya, asipate kiharusi kingine. Kwa wagonjwa wengi jibu ni hapana, na si kwa sababu njia mpya haipitishi damu. Daktari huchukua ateri ya ngozi ya kichwa inayopita mbele ya sikio, hufungua fuvu, kisha huishona kwenye ateri ya juu ya ubongo yenye upana wa milimita 1 hivi, kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Katika utafiti wa COSS wa Marekani (2011), zaidi ya 95% ya maungio hayo yalibaki wazi. Tatizo ni upasuaji wenyewe: ndani ya siku 30, 14.4% ya waliopasuliwa walipata kiharusi upande uleule, dhidi ya 2% ya waliotibiwa kwa dawa tu. Baada ya miaka 2, ilikuwa 21% kwa waliopasuliwa na 22.7% kwa waliotumia dawa tu. Karibu sawa.

Hakikisheni ripoti ya kipimo inasema "kabisa". Mshipa uliobana 70–99% ila bado unapitisha damu ni habari nyingine: huo husafishwa kwa upasuaji, ikiwezekana ndani ya wiki 2 tangu dalili.

Baba anahitaji aspirini au dawa ya kundi hilo, statini (dawa ya kushusha kolesteroli), kuacha sigara, na presha ishushwe taratibu. Ikishuka ghafla, upande ule wa ubongo hukosa damu. Mkono ukilegea kila anaposimama, licha ya dawa, mwambieni daktari mara moja. Wagonjwa wa namna hiyo ndio ambao baipasi bado hufikiriwa.