Sarufi unayo, sasa itumie kuchagua

Ndugu yangu, unauliza kwa nini masimulizi yako ya Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, yanasomeka kama ripoti ya ofisi ilhali sarufi unaijua. Nimeisoma aya yako: "Wavuvi walifika. Wavuvi walishusha dagaa. Wachuuzi walipandisha bei." Hakuna kosa hata moja, lakini wewe mwenyewe sikusikii.

Tuiandike upya: "Mitumbwi ilitia nanga alfajiri, dagaa wakashushwa, bei ikapanda." Hiyo -ka- inasukuma tukio juu ya tukio bila kuhitaji "halafu". Na kauli ya kutendwa katika "wakashushwa" inamweka dagaa mbele, mvuvi anabaki kivulini. Je, ndicho unachotaka? Kama unaandika kumhusu mvuvi, mrudishe mbele. Uamuzi huo ndio mtindo, na hakuna mwalimu atakayekufanyia.

Ukisimulia desturi, hu- inatosha: "Dagaa huanikwa mchangani." Amba- nayo umeizidisha mno, "mama aliyebeba ndoo" ina mwendo mwepesi kuliko "mama ambaye alibeba ndoo". Ibakize pale tu isipokwepeka, kama katika "ambaye amebeba".

Andika aya ileile mara mbili, moja mvuvi mbele, nyingine dagaa mbele, kisha zisome kwa sauti. Tuwekee hapa zote mbili, nitazisoma.