Kijana anafufua redio zilizokufa: je, kipaji kinatosha?

SWALI: Mwalimu, habari za kazi. Mwanangu ana miaka 17, amemaliza kidato cha nne hapa Nkuhungu, Dodoma. Kapata daraja la tatu: Fizikia C, Hisabati na Kemia D. Tangu darasa la nne anafungua redio za majirani na zinaongea. Sasa kachaguliwa kidato cha tano, mchepuo wa HGK (Historia, Jiografia na Kiswahili). Mjomba wake anataka aende moja kwa moja kwenye kibanda cha fundi pale Majengo, anasema mtu hafundishwi alichozaliwa nacho. Nimebaki njia panda. Kipaji kinapimwaje, na kinatosha?

JIBU: Mama, mjomba kaona jambo la kweli, ila kaliishia katikati. Mtoto hazaliwi na ufundi. Anazaliwa na wepesi: jicho linaloshika mpangilio wa vitu, vidole vilivyotulia, na hamu ya kurudia kitu kilekile bila kusukumwa. Ufundi unajengwa juu ya hapo. Kwa hiyo usihesabu redio zilizoongea. Tazama alivyofika hapo.

Vijana wanaokuja kwangu nawapa redio iliyokufa, kisha nakaa pembeni kimya. Mmoja atabadilisha kapasita, ikigoma atang'oa transista, atapuliza vumbi, atatikisa. Ikiongea, hawezi kukwambia ilikuwa na ugonjwa gani. Mwingine anaanzia kwenye waya wa umeme, anaangalia fyuzi, anachukua testa na kupima volti zinazotoka kwenye transfoma. Akizikuta sawa, anauacha upande huo na kusogea mbele. Huyu wa pili hana mikono bora kuliko mwenzake. Ana njia ya kufikiri, na njia hiyo inafundishika. Nimeona vijana wa aina ya kwanza wakibadilika ndani ya muhula mmoja, kwa kulazimishwa tu kuandika kila kipimo kabla ya kuwasha pasi ya kulehemu. Anayenitia wasiwasi ni yule anayechoka kuandika siku ya pili. Huyo anapenda sifa za redio kuongea, kazi yenyewe haimvutii.

Watafiti nao wamelivutania sana jambo hili. Mwaka 1993 Anders Ericsson na wenzake walichunguza wapiga violini wa Berlin, wakakuta waliobobea ndio waliokusanya saa nyingi zaidi za mazoezi. Mwaka 2014 Brooke Macnamara na wenzake wakaunganisha tafiti 88: katika muziki, mazoezi ya makusudi yalieleza asilimia 21 ya tofauti kati ya watu, na katika michezo ya viungo asilimia 18. Kilichobaki si kipaji peke yake, lakini hakuna anayeweza kusema tena kwamba juhudi ndiyo kila kitu.

Kuhusu kibanda: atajifunza haraka, na atajua kuzungumza na mteja, jambo ambalo darasani hatulifundishi vizuri. Ila redio zinapungua. Kazi imehamia kwenye inveta za sola, bodi za friji na nyaya za nyumba, na Dodoma imejengwa mno tangu Serikali ilipoanza kuhamia mwaka 2016. Kufunga umeme kwenye nyumba kunahitaji leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji), na leseni inataka cheti. Kibandani hapatikani mtu wa kumkalisha asome mchoro wa saketi. Ndiyo maana naegemea VETA, yaani vyuo vya Serikali vya ufundi stadi, kibanda kiwe cha likizo. Hata akianza na kibanda, mlango haufungwi, maana VETA ina utaratibu wa kupima na kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa.

HGK nisingemzuia kama anaipenda. Lakini Mama, katika barua yako nimesoma maneno ya mjomba na wasiwasi wako. Ya kijana mwenyewe sijayaona. Muulize, akiwa peke yake, mjomba asiwepo. Kisha mpeleke Majengo mwezi mmoja na daftari la kurasa 40, aandike kila kifaa: kilikuja na tatizo gani, alipima wapi, alikuta nini. Mwisho wa mwezi liombe hilo daftari kabla hujauliza ametengeneza redio ngapi.