Mkimbiaji wa shule akishuka ghafla, usikimbilie kumwongezea mazoezi

Mwalimu wa Kapchorwa, Uganda, umeuliza kwa nini binti wa mita 1,500 aliyeng'ara wilayani amefika ngazi ya taifa amechoka, halali, analia ovyo, na kama umwongezee mazoezi. Hapana. Mpime kwanza.

Anza na damu: malaria, himoglobini (wingi wa damu) na feritini. Feritini ni akiba ya madini ya chuma, nayo hushuka himoglobini ikiwa bado nzuri, kwa hiyo jibu la "damu ipo" halitoshi. Tena ile himoglobini ya 12 (gramu kwa desilita) inayotumika kama kiwango cha chini kwa wasichana ni ya usawa wa bahari. Huko kwenu mlimani haitoshi. Posho (ugali) na maharage sina ugomvi nayo, ila chuma cha maharage huingia mwilini kwa shida, na chai inayonywewa pamoja na chakula hukizuia zaidi. Chai inywewe saa moja au mbili baada ya kula. Kwenye mlo ongeza chungwa au nyanya mbichi. Vidonge vya chuma visubiri majibu.

Matroni amuulize kuhusu hedhi. Kuikosa miezi mitatu si dalili ya kuiva kimichezo, hata makocha waseme nini. Ikishathibitishwa, kwa siri na heshima, kwamba hana mimba, mara nyingi ni kwamba anakula kidogo kuliko anachotumia, na mifupa huja kulipa. Akionyesha kwa kidole kimoja mahali panapouma kwenye muundi, asikimbie mpaka aonwe na daktari.

Usingizi ni hesabu tu: masomo ya usiku hadi saa nne, kengele saa kumi na moja alfajiri. Hazifiki 7, naye anahitaji 8 hadi 10. Mwombee ruhusa ya kukosa masomo ya alfajiri. Ahesabu pia mapigo ya moyo dakika nzima kabla ya kutoka kitandani. Yakizidi ya kawaida yake kwa 7 hadi 10 siku tatu mfululizo, mazoezi yawe mepesi.

Lakini haya yote atakuficha kama karo yake inategemea miguu yake. Wilayani alikimbia kwa raha. Sasa kila mbio ni ada ya muhula. Mkuu wa shule amwambie mwenyewe, mzazi akisikia, kwamba akiumia nafasi yake ipo. Halafu muulize faraghani, waziwazi, kama amewahi kutamani kufa. Swali hilo halimpandikizii wazo. Akikubali, asiachwe peke yake, na siku hiyohiyo mpelekeni kitengo cha afya ya akili, hospitali ya rufaa ya mkoa.