Programu ya mbwa na paka waliopotea Goma: anza na aliyeokota

Ndugu, nimesoma swali lako. Unataka kutengeneza programu ya simu hapa Goma, upande mmoja watu wapate mbwa na paka wa kulea, upande mwingine watafute waliopotea. Unauliza utumie Flutter au React Native, zana mbili za kutengenezea programu za simu, na kama akili mnemba inaweza kulinganisha picha. Kazi kama hiyo nimeifanya pamoja na rafiki yangu daktari wa mifugo, kwa hiyo nitakujibu kwa urefu. Kuhusu Flutter na React Native, chukua ile unayoijua tayari, zote zitakufikisha. Mbwa kurudi nyumbani kunategemea mambo mengine.

Mtu wa kumfikiria kwanza ni aliyeokota. Mwenye mbwa atavumilia kila kitu: atajiandikisha, atajaza fomu, atanunua mega za intaneti, maana ana uchungu. Aliyeokota hakudai wala humdai. Ni sentineli, mlinzi wa usiku kule Himbi, ni motari wa pikipiki, ni mtoto aliyetumwa maji ziwani. Simu yake ni Android ndogo iliyojaa, na mega hana. Ukimwambia afungue akaunti kwa barua pepe, umeshampoteza. Mpe kitufe kimoja, "Nimeona mnyama": picha, kartiye (mtaa), na sauti ya sekunde chache badala ya kuandika. Kiswahili kitangulie, Kifaransa kifuate. Picha ibanwe humo humo kwenye simu mpaka kilobaiti 150 hivi, na kama mtandao umekatika, ibaki kwenye foleni iende yenyewe mtandao ukirudi. Namba za simu zipokee +243 ya Kongo na +250 ya Rwanda, kwa sababu unajua mwenyewe ni wangapi hapa wanatembea na laini ya Rwanda mfukoni.

Sasa picha. Mji wetu umejengwa juu ya mawe ya volkano: ua mweusi, ukuta mweusi, barabara nyeusi. Mbwa mweusi akipigwa picha saa kumi na mbili jioni juu ya mawe hayo, unachokiona ni macho mawili tu. Akili mnemba haiwezi kulinganisha giza na giza. Na hata mchana, mbwa wetu wengi ni wa rangi ya udongo, mwili wa wastani, masikio nusu yamelala. Mashine itakuletea wanaofanana wengi na mwenyewe atachoka kuangalia. Kilichotusaidia ni sentensi moja juu ya kamera: "Msimamishe mbele ya kitu cheupe, shuka au mlango." Halafu tukaomba picha ya pili, ya upande. Ulinganishaji wa mashine uuache uwe msaada wa kupanga orodha tu. Uamuzi ni wa mtu.

Jambo ninalokuomba ulishike kuliko yote ni namna ya kumtambua mwenye mali. Mbwa mzuri wa kulinda ni pesa, na akitangazwa ameokotwa, wanaomdai watakuwa zaidi ya mmoja. Mama mmoja wa Katindo alikuwa amemhifadhi mbwa jike wa kahawia. Alikuja kijana amevaa vizuri, akasema ni wake, akamwita jina, na mbwa akatikisa mkia. Mama akamuuliza, "Mwanangu, ana alama gani ambayo kwenye picha haionekani?" Kijana akasema ni mpole sana. Baadaye akafika msichana wa shule, akajibu kabla hajamaliza kusalimia: mguu wa nyuma wa kushoto una kidole cha ziada, na ukucha wake umejikunja. Mama akainama, akaupapasa mguu, akakikuta. Ndiyo maana programu yako inatakiwa kumwambia aliyeokota aifiche alama moja, na kumwambia aliyepoteza aiandike mahali ambapo hakuna mwingine anayesoma. Zikilingana, hapo ndipo wawili hao waunganishwe. Mkia kutikisika si ushahidi.

Chipu, kile kidude kidogo kinachowekwa chini ya ngozi ya mnyama, iweke kama sehemu ya hiari, namba ya tarakimu 15. Wengine wanadhani chipu inaonyesha mbwa yuko wapi. Haina betri wala GPS. Inatoa namba tu pale kisomaji kinapopitishwa karibu ya ngozi.

Ramani nayo ina hatari yake. Usionyeshe kamwe nukta kamili ya nyumba ya aliyeokota, wala ya mwenye mbwa anayetangaza kwamba mlinzi wake wa miguu minne hayupo leo usiku. Umeshaelewa nani atafurahi kusoma hilo. Onyesha kartiye, basi. Kwa umbali wa kutafuta, paka na mbwa wasiwekwe kipimo kimoja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kuhusu paka zaidi ya 1,200 waliopotea ulikuta robo tatu ya waliopatikana walikuwa ndani ya mita 500 kutoka pale walipotokea. Mwenye paka umtume kwanza kwa majirani, chini ya vitanda vya mbao, kwenye maghala, kabla ya kumpa ramani ya mji mzima. Mbwa anaweza kuvuka kartiye nyingi kwa usiku mmoja.

Halafu kumbuka tunaishi chini ya volkano ya Nyiragongo. Tarehe 22 Mei 2021 ililipuka, na tarehe 27 ikatoka amri ya kuhama sehemu kubwa ya mji. Watu walitawanyika: Sake, Gisenyi, wengine kwa mashua mpaka Bukavu. Wanyama wengi walibaki. Kwa hiyo hali mbili, "amepotea" na "ameokotwa", hazitoshi hapa kwetu. Ongeza ya tatu: "nimemwacha nyumbani". Mbwa aliyefungwa ndani ya uzio hahitaji kutafutwa, anahitaji jirani aliyebaki amrushie maji na kumfungua. Na mahali mnyama alipo pawe pa kwake, mahali mwenyewe alipo sasa pawe pa kwake. Usiviunganishe kwenye hifadhidata, la sivyo siku ya kukimbia mbwa wote wataonekana wako Sake.

Kichaa cha mbwa usikiweke kwenye ukurasa wa "maelezo zaidi". Kiwe kabla ya kamera, na kifunguke bila mtandao: mbwa anayedondosha mate, anayeshindwa kumeza au aliyebadilika tabia ghafla, usimshike. Ukiumwa, osha kidonda kwa maji na sabuni dakika 15 nzima, halafu nenda hospitali siku hiyo hiyo kwa chanjo. Mbwa aliyeuma huangaliwa siku 10, lakini aliyeumwa hasubiri siku hizo ziishe. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Rafiki yangu daktari alikataa kabisa tutoe programu bila ukurasa huo, na ninamshukuru.

Upande wa kulea ni kazi ya polepole, uutenganishe na huu wa dharura. Watoto wa mbwa wasitangazwe kabla ya wiki 8, na tarehe ya chanjo iambatane na picha ya karatasi yake. Maswali kwa anayeomba yawe ya maisha ya hapa: uzio upo? ukisafiri nani anabaki naye? mwenye nyumba amekubali? Pesa zisipite kabisa ndani ya programu. Yeyote anayesema "tuma kwanza ya usafiri" tangazo lake lifungwe siku hiyo, na zawadi ya aliyeokota waikubaliane wenyewe wakishaonana, mchana, mahali penye watu.

Anza na kartiye moja au mbili, na kila tangazo lijifunge baada ya wiki tatu isipokuwa mwenyewe ajibu ujumbe mfupi, "Bado unamtafuta?" Usipofanya hivyo, baada ya miezi michache sentineli wako atafungua programu akute matangazo ya mbwa waliokwisha kurudi nyumbani, na hataifungua tena.